Siku moja mlimani kutoka Mbale: Wanale, Sipi, Kapkwai au Budadiri?

Kila sikukuu ikikaribia simu yangu haitulii. Leo ni shemeji aliyeko Kampala, kesho ni binti wa mjomba kutoka Busia, keshokutwa ni rafiki niliyesoma naye ambaye sasa yuko Nairobi. Wote wanauliza jambo moja: "Tunakuja Mbale. Tunataka kupanda mlima siku moja tu, jioni tuwe tumerudi hotelini. Twende wapi?"

Huwa sijibu kabla sijauliza na mimi. Mnakuja wangapi? Kuna mtoto? Kuna mwenye matatizo ya magoti? Mna gari? Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha? Watu hudhani ninawazungusha. Lakini mlima huu, Elgon, ulio mashariki mwa Uganda, ni mpana mno, na njia zake hazifanani hata kidogo. Nimewahi kumpeleka mtu kwenye njia isiyo yake na nikaona jinsi siku nzuri inavyoweza kuharibika kufikia saa sita mchana.

Kwanza tuondoe tamaa moja. Elgon, au Masaba kama Wagisu, wenyeji wa Mbale, wanavyouita, ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Kilele hicho hakiendwi kwa siku moja. Wanaokwenda hulala mlimani siku tatu, nne. Kwa hiyo ukiwa na siku moja, unachagua sehemu ya mlima, wala usijione umepungukiwa. Sehemu hizo zinatosha kabisa.

Tamaa ya pili ni ya watu wa Kampala: kutaka kuondoka alfajiri, kupanda, na kurudi nyumbani usiku. Kutoka Kampala hadi Mbale ni takriban kilomita 235, na hiyo ni safari ya nusu siku ukihesabu msongamano wa kutoka mjini na magari ya mizigo. Lala Mbale usiku mmoja kabla. Mbale imekuwa jiji tangu Julai 2020, vyumba vya kulala vya kila bei vipo, na asubuhi ukifungua dirisha mlima uko hapo hapo mbele yako.

Mambo ninayopima

Nitazipima njia nne kwa vipimo vilevile: namna ya kufika, njia yenyewe ilivyo kwa miguu, utakachokiona, pesa na vibali, na mvua. Kisha nitasema ni ya nani.

Kati ya hivyo vyote, viwili watu huvidharau. Cha kwanza ni kushuka. Kila mtu huniuliza kupanda kunachukua saa ngapi, na hakuna anayeuliza kuhusu kurudi chini. Kupanda kunakutoa jasho na pumzi, lakini ukisimama dakika mbili pumzi inarudi. Kushuka kunakula magoti na vidole vya miguu, na hilo halirudi kwa kusimama. Wengi niliowaona wakikaa chini njiani na kukataa kuendelea walikuwa wanarudi.

Cha pili ni udongo. Udongo wa Elgon ni wa volkano, mwekundu, wenye rutuba ya ajabu. Ndio unaolisha kahawa na ndizi za eneo lote hili. Ukiwa mkavu unakanyagika vizuri. Ukinyeshewa saa moja tu, njia ileile uliyopita asubuhi inakuwa kama imepakwa sabuni. Na ukinyeshewa siku nyingi mfululizo, mteremko wenyewe huondoka. Mwezi Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifunikwa na mamia ya watu wakapotea. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo. Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Hapa Mbale kwenyewe, mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku na kuua watu. Sisemi haya kumtisha mtu asije. Nasema kwa sababu mgeni huona kijani kibichi na anga nzuri ya asubuhi, akadhani mvua ni usumbufu tu wa nguo kuloa. Miezi ninayoiamini zaidi ni Desemba hadi mapema Machi. Juni na Julai pia watu wengi hupanda, ila beba koti la mvua na uwe umeshuka kabla ya alasiri, maana mawingu hukusanyika mchana.

Wanale: ukuta ulio nyuma ya mji

Kufika. Hapa hakuna njia inayoishinda Wanale. Ndilo genge lile refu unaloliona ukiwa popote mjini, ambalo pia huitwa Nkokonjeru, yaani kuku mweupe. Bodaboda inakufikisha mguuni pa mlima kwa dakika chache, na wenye nguvu hutembea kutoka mjini. Hakuna kuamka saa kumi za usiku, hakuna kusubiri gari lijae.

Njia. Mji uko kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa Wanale unapita mita 2,000. Maana yake ni kwamba unapanda mita mia nane na zaidi kwa mkupuo, bila sehemu ndefu ya tambarare ya kupumzisha mguu. Unaanza kwenye migomba na mibuni, unapita nyua za watu, kisha njia inasimama wima. Kuna mahali utatumia mikono. Mtu mzima mwenye mazoezi ya kawaida apange saa tatu za kupanda, na asitarajie kuokoa muda mwingi wakati wa kushuka.

Njia hii ni barabara ya watu. Mara ya mwisho nilipopanda nilikuwa nimesimama nashika mti, moyo unagonga, nikasikia nyuma yangu mtu anasema "Mulembe." Nikageuka. Ni mama wa makamo, peku, mkungu mzima wa ndizi kichwani juu ya kata ya majani makavu, mkono mmoja tu umeugusa. Nikamjibu "Mulembe, mayi", nikampisha. Alipita pembeni yangu kama anayevuka sebule, akakanyaga mzizi ule ule niliokuwa nimeuogopa, akatoweka kwenye kona. Tangu siku hiyo huwaambia wageni: mkiona mwenyeji anakuja, simameni upande wa ukuta, mwacheni yeye apite upande anaoutaka. Yeye ana mzigo na ana kazi.

Utakachokiona. Ukifika juu na kugeuka, Mbale yote iko chini ya miguu yako: paa za mabati, Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Nkoma, mashamba ya mpunga ya Namatala, kisha tambarare za Teso zinazoendelea mpaka zinachanganyika na anga. Baada ya mvua vijito vinaruka kutoka kwenye genge, na ukiwa mjini utaviona kama nyuzi nyeupe zimening'inizwa ukutani. Juu kwenyewe kuna vijiji, shule, mashamba ya vitunguu na kabichi, na hewa ya baridi. Upande wa ndani zaidi ndiko kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, na huko kuna vijia vya msituni na pango la Khauka.

Pesa. Ukibaki kwenye njia za vijiji, gharama yako ni bodaboda, chakula na kijana wa kukuongoza. Mlipe vizuri. Ukiingia hifadhini ndipo ada ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, inapohusika, pamoja na askari wa kukusindikiza.

Mvua. Hapa sina huruma: ikiwa mvua imenyesha usiku, usipande Wanale kwa njia ya genge. Niliwahi kushuka huko na mdogo wangu baada ya manyunyu ya nusu saa, yeye akiwa na viatu vya mazoezi vilivyolika soli. Tulichukua karibu saa nne kushuka, nusu ya njia tukiwa tumekaa kitako, na kifundo cha mguu wake kilivimba wiki mbili.

Inamfaa nani. Mwenye afya, asiye na gari, asiye na pesa nyingi, anayetaka kutoka jasho na kuona mji kutoka juu. Haimfai mtoto mdogo, wala mwenye magoti yanayouma, wala anayeogopa kimo.

Sipi: maji matatu na kahawa

Kufika. Kutoka Mbale ni kama kilomita 55 za lami, njia ya Kapchorwa. Teksi za abiria zipo kutwa nzima, lakini huondoka zikijaa, kwa hiyo wahi asubuhi. Ukiwa na gari lako ni kama saa moja na nusu, na sehemu ya mwisho barabara inapanda kwa kona kali huku tambarare ikizidi kuzama upande wa kushoto. Hiyo safari peke yake ni matembezi.

Njia. Sipi iko kwenye mita 1,775 hivi, yaani gari limeshakupandishia sehemu kubwa ya mlima. Kutembelea maporomoko yote matatu ni mzunguko wa saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kawaida, kupitia mashambani. Kuna ngazi za mbao kwenye sehemu za mwamba, kuna kupanda kwa kuhemesha, lakini unaweza kukatisha. Hilo ndilo jambo kubwa la Sipi: mtu aliyechoka baada ya poromoko la kwanza anakaa kwenye kibanda anakunywa chai, wengine wanaendelea, na siku ya mtu haiharibiki. Bibi wa miaka sabini ataona poromoko kubwa kutoka sehemu ya kutazamia bila kushuka bondeni. Wanale haitoi nafasi hiyo.

Utakachokiona. Poromoko la chini ndilo refu zaidi, karibu mita 100, na ukisimama chini yake huwezi kusikizana na mwenzako. Manyunyu yanalowesha nguo kabla hujayafikia maji. Kwenye maporomoko ya juu kuna mahali unapoweza kusimama nyuma ya pazia la maji. Kaskazini, siku isiyo na ukungu, Mlima Kadam wa Karamoja unasimama peke yake. Jina la Sipi linatokana na sep, mmea wa jamii ya mgomba wa porini unaoota kando ya mto. Mwombe mwongozaji akuonyeshe.

Halafu kuna kahawa, na hapa nawaomba wageni wasiwe na haraka. Nenda kwenye ua wa mkulima anayekaribisha watu. Atakupa punje zilizokwisha kukaushwa na mchi, utatwanga kwenye kinu mpaka ganda litoke, utapepeta kwenye ungo, utakosea, punje zitamwagika, watoto watakuja kuziokota. Kisha zinakaangwa kwenye sufuria juu ya moto wa kuni. Kwanza zinanukia kama nyasi zilizoungua, halafu ghafla harufu inageuka na kila mtu uani ananyamaza. Zinatwangwa tena, zinachemshwa, unakunywa. Kazi yote ni saa moja na nusu. Nilizaliwa kwenye eneo la kahawa na nikakua nikinywa chai, kama wengi wetu, kwa sababu kahawa ilikuwa ya kuuza. Kikombe cha kwanza cha kahawa ya Arabika ya mlima huu nilichokunywa nikijua imetoka shamba gani nilikinywa Sipi, nikiwa mtu mzima. Nataka kila mtoto wa huku akinywe mapema kuliko mimi.

Pesa. Maporomoko yako kwenye ardhi ya wanakijiji, si ndani ya hifadhi, kwa hiyo huhitaji kibali cha UWA. Unamlipa mwongozaji, na baadhi ya wenye mashamba hutoza kidogo kupita kwao. Mgeni asiyejua hukasirika akidaiwa mara ya tatu. Dawa ni kupatana mapema: mwambie mwongozaji akutajie bei moja inayojumuisha kila kitu, na mkubaliane kabla hamjapiga hatua. Kahawa hulipiwa kando. Vivyo hivyo kuteremka kwa kamba kando ya poromoko kubwa, kwa wanaolitaka hilo.

Mvua. Njia inateleza na ngazi zinateleza, hilo halina ubishi. Lakini Sipi ndiyo pekee kati ya hizi nne ambapo mvua haikunyimi siku yako yote. Unakaa barazani, maji yanazidi kunguruma, kahawa inachemka.

Inamfaa nani. Kundi la watu wasiolingana nguvu. Familia yenye watoto na wazee. Anayekuja mlimani mara ya kwanza. Asiyependa kukuta watu wengine njiani ataikuta imejaa, hasa Pasaka na Krismasi.

Kapkwai: msitu wenyewe

Kufika. Ni upande ule ule wa Sipi, ukizidi kupanda. Kutoka Sipi watu huchukua bodaboda au hutembea na mwongozaji. Barabara ya mwisho ni ya udongo, na gari dogo wakati wa mvua litakupa taabu. Kwa kutoka Mbale na kurudi siku hiyo hiyo, usiondoke mjini baada ya saa moja asubuhi.

Njia. Kituo cha UWA cha Kapkwai kiko kwenye mita 2,050 hivi, ndani ya hifadhi. Kina mizunguko mitatu iliyopimwa: wa kilomita 3 unaopanda mgongo wa kutazamia, wa kilomita 5 unaopita maporomoko ya Chebonet, na wa kilomita 7 unaofika kwenye mianzi. Kwa mtu wa kupanga mambo hii ni raha: unajua umbali kabla hujaanza, na unarudi ulipoanzia. Miinuko ipo, lakini si ya kushika kwa mikono.

Utakachokiona. Hapa hakuna mashamba. Kuna miti ya podo iliyonyooka, mizeituni ya Elgon yenye mashina ambayo watu watatu hawayakumbatii, na kivuli kinachofanya mchana uonekane jioni. Inua macho, kaa kimya. Mbega weusi wenye mikia myeupe huruka juu kwa juu, na hondohondo utamsikia kabla ya kumwona. Mbawa zake zinavuma. Kuna pango lenye popo. Upande wa pili wa mlima, Kenya, kuna pango la Kitum ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Mwamba ni wa aina moja.

Mianzi ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu nimeila kabla ya kuiona. Malewa, ile mboga ya machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu huipika na karanga, inatoka kwenye mianzi ya mlima huu. Ukisimama katikati yake upepo ukipita, mashina yanagongana taratibu, na chini unaona machipukizi yamechomoza kama vidole. Usiyaguse. Uvunaji una utaratibu wake kati ya hifadhi na vijiji.

Pesa. Ada ya hifadhi inalipwa, na ni tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, wageni wakaazi, na wageni kutoka nje. Mkenya au Mtanzania aje na kitambulisho au pasipoti, la sivyo atajikuta anabishana langoni. Pitia ofisi ya UWA iliyoko Masaba Road, Mbale, siku moja kabla, uulize ada ya sasa na namna ya kulipa. Ni kweli utalipa zaidi kuliko Sipi, lakini msitu huo haupatikani Sipi.

Mvua. Miti hupunguza ukali wa mvua na njia zinatunzwa, ila matope yapo. Vaa gambuti, zinauzwa sokoni Mbale na hapa zinashinda viatu vya bei kubwa.

Inamfaa nani. Mpenzi wa ndege na miti, anayetaka utulivu, mwalimu mwenye wanafunzi wakubwa. Anayetaka kuona mbali atasikitika kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku utakuwa chini ya miti.

Budadiri: kipande cha njia ya kileleni

Kufika. Budadiri iko wilaya ya Sironko, si mbali na Mbale, na ndiko kunakoanzia njia iitwayo Sasa, mojawapo ya njia za kwenda Wagagai. Kutoka mji huo mdogo watu hupanda kwa pikipiki au gari la juu hadi vijiji vya Bumasola, ndipo miguu inaanza.

Njia. Ngumu, na sitaipunguza makali. Juu ya vijiji kuna magenge ya Mudangi, mwinuko mkali wenye ngazi kwenye mwamba. Baada yake ndipo mpaka wa hifadhi na mianzi. Wapandaji wa kileleni hupita hapa siku ya kwanza na kulala kambi ya Mto Sasa, kwenye mita 2,900 hivi. Wewe wa siku moja lengo lako liwe juu ya Mudangi na mwanzo wa mianzi, kisha urudi. Panga saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, na uitii hata kama unaona sehemu uliyoitaka iko mbele kidogo.

Utakachokiona. Migomba na kahawa, kisha jabali, kisha msitu, yote kwa siku moja, kwa mpangilio ule ule wapandaji wa kileleni wanaokutana nao. Kutoka juu ya magenge, vijiji vya chini vinaonekana kama vimechorwa.

Pesa. Ada ya hifadhi na askari wa kukusindikiza, na upange na UWA kabla. Usiende na kijana uliyekutana naye barabarani tu kwa kuwa amekupunguzia bei.

Mvua. Kama Wanale, au zaidi, kwa sababu msaada uko mbali. Mvua ikianza ukiwa chini ya Mudangi, geuka.

Inamfaa nani. Anayejipima kabla ya kuja kwa safari ya siku nne. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuichagua. Mtu akishuka kutoka hapa na bado ana hamu, Wagagai inamngoja.

Neno kuhusu Agosti

Miaka inayogawanyika kwa mbili ni miaka ya imbalu, tohara ya Wagisu, na uzinduzi hufanyika Mutoto, karibu na Mbale, mwezi Agosti. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka utakutana na makundi yanayocheza na kukimbia barabarani, vijana wamepakwa unga. Ni jambo kubwa la watu hawa. Ongeza saa moja kwenye safari yako, simamisha gari, waache wapite, na usimpige mtu picha usoni bila ruhusa.

Kulingana na hali yako

Una siku moja, huna gari, na miguu yako inakimbia kila wiki: Wanale, ukianza saa moja asubuhi.

Mko watu wanane, mmoja ana miaka sita na mwingine sabini: Sipi. Wenye nguvu waende maporomoko yote matatu, wengine waonane nao kwenye kahawa.

Umewahi kufika Sipi na unataka kitu kingine upande huo huo: Kapkwai, mzunguko wa kilomita 7. Ukiwa na siku mbili, lala Sipi, uende Kapkwai asubuhi ndege wakiwa bado wanalia.

Unataka kujua kama unaweza Wagagai: Budadiri, na mwongozaji wa UWA, na saa ya kugeuka uliyoiandika.

Una nusu siku tu na unaelekea Malaba: achana na hizi nne. Panda mwamba wa Tororo, ulioko kando ya mji huo, saa moja hivi juu na ngazi karibu na kilele. Utaiona Kenya, na Elgon itakuwa kaskazini ikikuonyesha ulichokiacha.

Magoti yanakusumbua lakini unataka msitu: Kapkwai, mzunguko wa kilomita 3, na fimbo. Fimbo aikate mtu wa pale kijijini kabla ya lango, wewe usikate mti hifadhini.

Mvua imenyesha usiku kucha na mmeshafika Mbale: msipande Wanale, msiende Budadiri. Subirini mpaka saa tatu asubuhi, mpige simu Sipi muulize barabara na njia zikoje. Wakisema pabaya, nendeni sokoni mnunue malewa na karanga, mtafute mama wa kuwapikia, na mlima muutazame kutoka mezani. Kesho yake genge likikauka, vijito vya Wanale vitakuwa bado vinashuka.